Kabla hujapanda kuvunja hilo paa la asbesto

Nairobi inajengwa upya, na mtu wa kwanza kufika saiti huwa si injinia. Huwa ni kijana mwenye nyundo na mtaimbo. Kabla ghorofa mpya isimame lazima nyumba ya zamani ishuke, na nyumba nyingi za zamani hapa mjini, zile za kanjo, za reli, za polisi, pamoja na madarasa ya shule kibao za umma, ziliezekwa kwa kitu ambacho watu wa mtaa wanakiita tu asbesto. Unakijua. Ni yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi mapana, yanayofanana na simiti iliyokunjwa, yameota kuvu na weusi kwa sababu yako huko juu tangu babu yako akiwa kijana. Ukiligonga halilii kama bati. Linatoa sauti butu, kisha linapasuka.

Hapo linapopasuka ndipo stori yetu inaanzia.

Kila mtu anajua asbesto ni mbaya. Muulize hata makanga wa matatu, atakwambia inaleta kansa. Lakini hiyo ni nusu ya stori. Nusu nyingine, ambayo hakuna mtu anawaambia wasee wa mjengo, ni swali la pesa: ukiugua, nani atakulipa? Na utathibitishaje? Ugonjwa wa asbesto huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Sheria inahesabu kwa miezi. Kati ya saa hizo mbili, ile ya mapafu na ile ya mahakama, wafanyakazi wengi duniani wamepoteza haki yao. Mimi naona hivi: kesi utakayoipeleka mwaka wa 2055 unaitengeneza sasa hivi, au unaiharibu sasa hivi, na wengi wetu tunaiharibu bila kujua.

Tuanze na kitu chenyewe. Asbesto si kemikali iliyopikwa maabarani. Ni jiwe linalochimbwa ardhini, ila ni jiwe la ajabu kwa sababu ukilisaga linafumuka kuwa nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo haziungui, hazioi, na zilikuwa bei nafuu. Wenye viwanda wakaona wamepata dhahabu. Kwa mabati ya paa walichanganya simiti na asbesto kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15, likatoka bati lisilopata kutu wala kupiga kelele mvua ikinyesha. Ukweli usemwe, kwa joto la Mombasa au Kisumu wazee walikuwa na sababu ya kulipenda.

Likiwa zima na limetulia, nyuzi zimefungwa ndani ya simiti na hatari ni ndogo. Kwa hivyo kama keja yako iko chini ya paa kama hilo, usihame usiku wa leo. Shida ni likikatwa kwa msumeno, likitobolewa kwa drili, likisuguliwa kwa brashi ya waya ili lipakwe rangi, au likirushwa chini kutoka juu. Pia likizeeka sana na kuanza kumomonyoka. Hapo nyuzi zinatoka. Ni nyembamba kuliko unywele, tena mara nyingi sana. Huzioni, hazinuki, hazikuwashi koo. Unazivuta kama hewa ya kawaida, zinafika chini kabisa kwenye mapafu, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Zinakaa.

Kuna ugonjwa unaoitwa asbestosisi, ambapo mapafu yanajaa makovu na kukakamaa hadi ngazi ya ghorofa moja inakuwa kama Mlima Kenya. Hauna tiba ya kuuondoa. Kuna saratani ya mapafu, ya koo la sauti na ya ovari. Kisha kuna mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Hiyo, mara nyingi ukitafuta chanzo chake unaikuta asbesto, na wengi wanaougua hawamalizi miaka miwili baada ya kuambiwa wanayo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, na linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Na kama unavuta sigara, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kwa upande wa saratani ya mapafu, asbesto na sigara zikikutana kifuani mwa mtu mmoja hatari yake ni kubwa kuliko ukijumlisha hatari hizo mbili. Kwa hivyo ile fegi ya kupumzika ukiwa juu ya paa, fikiria tena.

Kuna wanaoniuliza kuhusu maji ya mvua yanayotoka kwenye paa hizo. Ushahidi kwamba kunywa nyuzi hizo kunaleta ugonjwa bado hautoshi. Ushahidi kuhusu kuzivuta kwa pumzi umejaa makabati. Kama una nguvu ya kuogopa kitu kimoja tu, ogopa vumbi.

Usidhani pia kwamba haya ni mambo mapya ambayo wazungu wamegundua juzi. Mwaka wa 1924 huko Rochdale, Uingereza, mwanamke aitwaye Nellie Kershaw alikufa akiwa na umri wa miaka 33 baada ya kusokota nyuzi za asbesto kiwandani tangu utotoni. Kampuni iliyomwajiri, Turner Brothers, ilikataa kumlipa. Daktari aliyechunguza mapafu yake aliandika kisa hicho kwenye jarida la madaktari mwaka huohuo, na kufikia 1931 Uingereza ilikuwa imeweka kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Mwaka wa 1960 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha visa 33 vya mesotelioma, karibu vyote vya watu waliokuwa na uhusiano na migodi ya asbesto ya bluu kule kaskazini mwa Cape. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu karibu na mgodi wakiwa watoto. Kwa hivyo wakati mabati haya yanaendelea kuuzwa Afrika kwa miaka mingi baada ya hapo, kuna watu walikuwa wanajua tayari.

Hapa Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006 ziliorodhesha asbesto kuwa taka hatari. Ndiyo maana utasikia watu wakisema ilipigwa marufuku mwaka huo. Lakini kanuni haipandi juu ya paa kushusha bati. Mabati yaliyokuwa juu yamebaki juu, na kila mwaka yanazeeka, na kila mradi mpya unayagusa.

Inavyofaa kufanywa ni hivi. Paa linalowanishwa maji kwanza ili vumbi lisiruke. Bati linafunguliwa misumari likiwa zima, halivunjwi, na linashushwa kwa mkono polepole. Wafanyakazi wanavaa ovaroli za kutupwa na barakoa maalum zenye kichujio, si kile kitambaa ulichobaki nacho tangu wakati wa korona. Kila kipande kinafungwa kwa polithini nzito, kinawekwa alama ya hatari, kinabebwa na gari lenye leseni ya NEMA na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Hiyo yote inagharimu pesa. Ndiyo maana unaitwa wewe.

Mimi nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, nilishika mjengo kwa muda. Kazi moja ilikuwa kushusha paa za nyumba fulani za zamani, na mkandarasi nitamwacha bila jina. Hatukupewa barakoa. Hakuna aliyemwaga maji. Bati likikataa kutoka tulilivunja kwa nyundo, tukarusha vipande chini, na wenzetu wakavipakia kwenye pikapu wakiimba. Mabati yaliyobaki mazima yalinunuliwa hapohapo na watu wa mtaa, mmoja akiwa mama aliyetaka kuezeka banda la kuku. Saa saba fomeni akaja na maziwa, pakiti moja kwa kila mtu. "Kunyweni, vijana, hii inaosha kifua."

Hayo maziwa utayakuta kila saiti yenye vumbi nchini, na kwa wapaka rangi pia. Wacha niseme wazi: maziwa yanaenda tumboni, vumbi linaenda kwenye mapafu. Hazijawahi kukutana. Maziwa yakifika kwenye mapafu una shida nyingine. Lakini ona kile pakiti hiyo inachosema. Fomeni anajua kuna kitu kinaingia kifuani mwako. Angekuwa hajui, angeleta soda.

Siku ya mwisho tulilipwa keshi, mkononi. Hakuna daftari lililoandikwa jina langu. Nikikohoa mwaka wa 2050 na daktari aniulize nilifanya kazi wapi, jibu liko kichwani mwangu na kwa jamaa wawili ambao mmoja ashahamia Saudia. Mkandarasi mwenyewe sijui kama kampuni yake itakuwa hai mwaka ujao, sembuse miaka 25 ijayo.

Sasa tuingie kwa sheria, na usifunge simu, hapa ndipo doo iko.

Kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Wengi wanaiita WIBA. Inasema mwajiri anamlipa fidia mfanyakazi aliyeumia kazini au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi yake. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Inatosha kwamba ulipata madhara ukiwa kazini kwake. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya mambo hayo. Unamwambia mwajiri, yeye anatakiwa aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na huko ndiko dai linakokadiriwa. Huwezi kurukia kortini moja kwa moja kumshtaki mwajiri. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo mwaka wa 2019.

Ukilemaa kabisa, hesabu ya WIBA ni mapato ya miezi 96. Fanya hesabu mwenyewe. Elfu moja kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 26,000. Mara 96 unapata shilingi 2,496,000. Sasa linganisha na ile elfu tatu uliyopewa kwa siku tatu za kushusha paa. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo mtu anayoiokoa akikuajiri bila kukuandika popote.

Lakini kuna mitego. Wa kwanza ni muda. WIBA inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 baada ya ajali, au ndani ya miezi 12 baada ya kifo kama mfanyakazi amekufa. Sheria kama hiyo inaeleweka vizuri ukianguka kutoka ghorofa ya tatu: tarehe iko, mguu umevunjika, picha iko. Asbesto haikuangushi. Inakusubiri. Kwa hivyo siku daktari atakapoandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, hiyo ndiyo siku ya kuanza mbio. Mweleze mwajiri kwa maandishi wiki hiyohiyo, tafuta wakili au chama cha wafanyakazi, usiseme utashughulika baada ya Krismasi.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: mwajiri wako ni nani? Mwenye ploti amempa kazi mkandarasi. Mkandarasi amempa mtu wa kubomoa. Mtu wa kubomoa amempigia fomeni. Fomeni amekupigia wewe. Siku ya kulipa wote wapo. Siku ya kudai, kila mmoja anaelekeza kidole kwa mwingine, kama vile wanavyofanya wale wa kituo cha matatu ukiuliza nani alichukua simu yako.

Hapa sheria ya ajira haijakutupa kabisa, na vijana wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo. Ukifanya kibarua kwa siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja kwa jumla, sheria inaweza kukuchukua kama mfanyakazi wa mwezi, hata kama wanakuita kibarua. Na kesi ikifika mahali pa kubishania masharti ya kazi, na mwajiri ameshindwa kuleta mkataba ulioandikwa, mzigo wa kuthibitisha unaangukia mwajiri. Hiyo ni silaha nzuri. Ila silaha hiyo inahitaji kwanza uonyeshe kwamba ulikuwa hapo.

Kama unadhani nakutisha bure na hizi stori za muda, twende Italia kidogo. Kuna mji unaitwa Casale Monferrato ambako kampuni ya Eternit ilitengeneza mabati ya simiti na asbesto, kama haya yetu, hadi 1986. Wafanyakazi walikufa. Wake zao waliofua nguo za kazi wakafa. Majirani ambao hawakuwahi kuvuka geti la kiwanda wakafa. Kesi ilihusu zaidi ya watu 2,000. Mwaka wa 2012 mahakama ya Turin ilimhukumu bilionea wa Uswisi, Stephan Schmidheiny, kifungo cha miaka 16, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaongeza hadi 18. Watu wakalia kwa furaha kortini. Kisha Novemba 2014 mahakama ya juu kabisa ya Italia ikafuta hukumu hiyo. Sababu? Muda wa kushtaki kosa hilo ulikuwa umepita. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, saa ya sheria ilikuwa imeanza kuhesabu zamani, na watu walikuwa bado wanaendelea kugunduliwa na mesotelioma wiki hiyohiyo. Waendesha mashtaka walirudi baadaye na mashtaka mengine, lakini wewe jiweke kwenye viatu vya mjane aliyekuwa amekaa humo kortini siku hiyo.

Hapa Afrika kuna kesi iliyoenda tofauti kidogo. Kampuni ya Uingereza, Cape, ilichimba asbesto Afrika Kusini kwa miaka mingi, sehemu kama Prieska na Penge. Kule Penge watoto waliwekwa wakanyage nyuzi ndani ya magunia ili zishikane. Cape ikaondoka nchini mwaka wa 1979. Wagonjwa walipoanza kudai, kampuni haikuwa na mali huko ya kushikwa, kwa hivyo wakaamua kuifuata nyumbani kwake London. Cape ikasema hapana, nendeni mkashtaki kwenu. Julai 2000 mabwana wa House of Lords, ambao wakati huo ndio walikuwa mahakama ya mwisho Uingereza, wakasema kesi isikizwe palepale, kwa sababu huko nyumbani watu hawa hawangepata uwezo wa kuendesha kesi kama hiyo. Mwaka wa 2001 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 21 kwa wadai zaidi ya 7,500. Halafu ikashindwa kulipa. Mwaka wa 2003 ikatoa milioni 7.5. Gawanya hizo kwa watu 7,500 uone: karibu pauni 1,000 kwa mtu mmoja, kwa mapafu. Mwaka huohuo mfuko wa Asbestos Relief Trust ukaanzishwa kwa pesa za kampuni ya migodi ya Gencor, na umekuwa ukiwalipa waliofanya kazi kwenye migodi iliyotajwa katika makubaliano hayo.

Ninachokipenda kwa hiyo kesi ya Cape, kama kuna cha kupendwa, ni kwamba walienda wakiwa maelfu. Mtu mmoja anayekohoa ni mgonjwa. Watu 7,500 wanaokohoa kutoka sehemu moja ni ushahidi.

Hapa nyumbani tuna kesi yetu. Haihusu asbesto, inahusu madini ya risasi, lakini njia ni ileile. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwa jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Watoto wakaugua. Phyllis Omido, ambaye alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda hicho na mtoto wake akapatikana na sumu, akaanza kupiga kelele, akashikwa, akaendelea, na mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka wa 2016 kesi ikaenda kortini. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, NEMA yenyewe ikiwa miongoni mwa walioambiwa walipe. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka minane hivi ya kupanda na kushuka ngazi, na bado hukumu na pesa mkononi ni vitu viwili.

Kesi hiyo ina somo kwa yeyote anayeishi au kusoma karibu na asbesto inayomomonyoka. Wakazi wa Owino Uhuru walisimama kwenye Katiba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikiwa hatarini, na kinasema wazi kwamba si lazima uonyeshe kuna mtu ameshaumia. Soma hiyo tena. Kwa ugonjwa unaochukua miaka 30, hiyo ndiyo njia pekee ninayoiona ambayo saa yake haikusubiri uugue kwanza. Wazazi wa shule yenye paa linalopukutika hawana haja ya kungoja watoto wafike miaka 45.

Najua jibu la msee wa mjengo: Buda, mimi natafuta chakula cha leo, unaniambia habari ya 2055. Fair, sina jibu tamu la hilo. Siwezi kukwambia ukatae kazi halafu nikulipie kodi. Lakini kuna vitu havina gharama. Omba ulipwe kwa M-Pesa badala ya keshi, hata kama ni mia tano, kwa sababu ujumbe huo una tarehe na jina. Kabla ya kuanza, mtumie fomeni ujumbe: "Nimefika saiti ya mahali fulani, tunaanza kutoa asbesto leo." Akijibu hata "sawa" tu, una karatasi. Piga picha ya paa kabla, na ya bango la mradi pale getini, lile lenye jina la mkandarasi na mwenye mradi, kwa sababu hilo ndilo jibu la swali la mwajiri ni nani. Andika namba za wale mnaofanya nao. Kisha uvitoe vyote kwenye simu. Simu za mjengo huanguka kutoka ghorofani au huibiwa, unajua hivyo. Jitumie kwa barua pepe, au umpe dada yako aweke.

Na maji yaombwe. Ndoo mbili za maji juu ya paa hazimfilisi mkandarasi yeyote, na ni tofauti kubwa kifuani mwako. Kama fomeni anakataa hata maji, NEMA inapokea malalamiko, na DOSHS wana uwezo wa kukagua saiti. Sisemi watakuja mbio. Nasema malalamiko yenye tarehe ni ushahidi hata wasipokuja.

Ukifika hospitalini miaka ijayo na kikohozi kisichoisha au pumzi inakata, daktari hapa kwetu mara nyingi atafikiria TB kwanza, na kwa nchi hii si ajabu. Mwambie mwenyewe: niliwahi kuvunja asbesto, mwaka fulani, siku kadhaa. Sema hivyo hata kama hajauliza, na uombe iandikwe kwenye faili. SHA inaweza kusaidia na bili za matibabu, lakini SHA si fidia. Fidia inatoka kwa aliyekupandisha juu ya hilo paa.

Kuna mtu mmoja ambaye hayuko popote kwenye hesabu hizi. Ni yule anayefua nguo zako. Mama, dada, bibi, jirani unayempa shilingi mia mbili. Anakung'uta ovaroli kabla ya kuiloweka, na vumbi linalotoka hapo ni lilelile la juu ya paa. Ndivyo walivyougua wake wa Casale Monferrato. WIBA haimtambui, kwa sababu yeye hakuajiriwa na mtu. Akiugua, itabidi afungue kesi ya kawaida ya madhara, ambayo muda wake ni miaka 3, na kumwomba hakimu aongeze muda kwa sababu hakujua chanzo cha ugonjwa wake. Sheria ya muda wa kesi inaruhusu ombi kama hilo, lakini ni ombi. Na shahidi wake wa kwanza, wa kusema nguo hizo zilitoka wapi na zilikuwa na vumbi gani, itakuwa ni wewe, kama bado una pumzi. Kwa hivyo badilisha nguo hukohuko saiti, zilowanishe maji, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uzifue mwenyewe peke yake bila kuzikung'uta, na usimbebe mtoto kabla hujaoga.